Nywele za Mwalimu Tadokoro

Jumanne saa nane mchana, Moriwaki Hatsue alikuwa kwenye kona ya studio jijini Tokyo akinakili sehemu za fidla, huku Mwalimu Tadokoro akila tambi na kuhojiwa na mwandishi wa gazeti. Kwa miaka kumi na tisa Hatsue alikuwa ametunga kila muziki wa filamu na tamthilia uliotoka kwa jina la Mwalimu.

"Huu wa tamthilia ya Jumapili niliutunga nikiwa naoga," Mwalimu alisema, akakohoa. Unywele mrefu mweusi ukamtoka kinywani, ukafuatwa na mwingine, mpaka fundo zima, limelowa mate na vipande vya kitunguu, likadondokea bakulini. Mwandishi alisogeza kikombe chake, akauliza swali lililofuata.

Hatsue alijishika kisogo. Palikuwa pamebaki ngozi tupu. Mwalimu aliliondoa fundo kwa vijiti, akaendelea kula.

Tangu siku hiyo, kila Mwalimu aliposema "nilitunga", nywele zilimtoka. Studio ikanunua ndoo. Hatsue akamwendea mtayarishaji, Bwana Ubukata.

"Nataka jina langu liandikwe."

"Dada yangu, watazamaji wameshamzoea Mwalimu. Halafu wewe hujaolewa, jina lenyewe linaweza kubadilika wakati wowote. Tafuta kitambaa, baridi itakuingia kichwani."

Novemba, Mwalimu alivishwa nishani katika hoteli moja kubwa. Alipokuwa akihutubia, nywele zilimteremka kifuani, zikaifunika nishani, zikatambaa juu ya zulia zikinuka samaki na tumbaku. Wahudumu wawili walizikunja kama kamba. Wageni wakapiga makofi.

Hatsue alisimama, akavua kitambaa. Kichwa kilikuwa kitupu kama yai.

"Nywele hizo ni zangu," alisema kwa sauti.

"Tunajua," alijibu mke wa Mwalimu, akimvuta mkono taratibu. "Nani asiyejua? Kaa basi, mdogo wangu, supu inapoa."

Alikaa. Unywele ulikuwa ukielea kwenye supu. Aliutoa kwa kidole, akainywa yote.

Alhamisi Mwalimu alipiga simu. "Moriwaki, nataka muziki wa mazishi, dakika nne. Uwe na huzuni ya kweli, usinibabaishie."

"Ndiyo, Mwalimu."

Aliutunga kwa siku mbili, akijichukia kila alipopata mahali pazuri, na palikuwa pengi. Jumapili jina la Tadokoro likapita kwenye televisheni kwa herufi nyeupe. Hatsue alikwenda kunawa uso. Alipojifuta, nyusi ya kushoto ikabaki kwenye taulo.