Nipe Mji

Mwajabu anajilaza mkekani Jumapili saa saba mchana, nguo za kazini zimepigwa pasi nusu, na jicho halijafumba vizuri tayari yuko barabarani. Barabara anaijua. Ni ile ya Falme za Kale, mchezo wa kompyuta aliocheza na kaka yake Mbelwa tangu wako sekondari, wakitawala ufalme wa Kushi pamoja, yeye maghala, kaka majeshi. Waliahidiana kwamba sehemu ya pili ikitoka wataanza upya, wote wawili. Kisha Mbelwa akachelewa mazishi ya mama, Mwajabu akamtamkia neno zito mbele ya waombolezaji, na huu mwaka wa nne hawasemezani. Kila wiki hutafuta habari za sehemu ya pili, maana ikitoka atakuwa na sababu ya kumpigia. Leo asubuhi watengenezaji wametangaza kwamba haitakuwepo. Alisoma, akaenda kuwasha pasi. Hakuhisi chochote.

Hahisi chochote hata sasa. Anatembea, mto uko kushoto, halafu uko kulia, halafu anapita mji uliotazamana na pacha wake kama kwenye kioo, watu wa huku wanapanda ngazi, wa kule wanashuka, na mbele yake anatangulia karani asiye na uso, laini kama yai. Mwajabu anamuuliza huu ni mwaka gani. Wa mwisho, anajibu karani. Na kesho? Wa mwisho. Mtama umeiva mashambani na hakuna anayeukata, kwa sababu mavuno yako mwaka unaofuata, na mwaka unaofuata haupo. Wanatembea, mji unarudi, mto unarudi, mpaka wanafika darajani, na hapo limesimama jeshi la Mbelwa, vumbi limewajaa mabegani. Jemadari wao ana uso, uso uliochoka. Anamwambia, kaka yako alituamuru tusubiri chakula kutoka kwako. Mwajabu anasema chakula kilikuwepo, mbona hakuomba. Jemadari anatazama chini. Ulimwambia hana mama, anasema. Angeombaje?

Mwajabu anangoja machozi. Hayaji. Anamgeukia karani, anamuuliza sehemu ya pili ataipata wapi, na karani anasema, kitendawili. Tega. Fundi hakijengi, na wawili wakinyamaza hakipo. Sijui, anasema Mwajabu. Basi nipe mji. Anampa mji mkuu, unazimika, na pacha wake unazimika. Karani anatega tena kilekile. Sijui. Nipe mji. Anatoa miji ya mtoni, ya machimboni, ya mpakani, mmoja baada ya mwingine, bila uchungu, kama mtu anayeanua nguo kambani, mpaka limebaki daraja na wale watu juu yake. Karani ananyoosha mkono. Hawa siwatoi, anasema Mwajabu. Ni wa kaka. Nitampigia.

Yuko mkekani, simu iko sikioni, inaita. Mbelwa anapokea kwa sauti nzito ya usingizi. Mwajabu anasema, kaka, lile neno nililokwambia siku ile, nisamehe. Kisha Mbelwa anasema polepole, dada, nashukuru, lakini sema kwa nguvu kidogo, wanavuka daraja hapa, sikusikii vizuri.

Mwajabu anakaa kitako. Hajui kama ameamka, au ndiyo kwanza kaka amelala. Anapaza sauti, anarudia.