Mpira Haujarudi

...kamba zilikuwa zimekazwa tangu asubuhi, lakini Nassir akaziinamia tena, kwa sababu Kocha Lambert alikuwa amegeuka kuliangalia benchi, na Nassir, ambaye uwanja mzima ulikuwa unamlilia aingie, hakutaka macho yao yakutane, akafungua fundo, akalifunga upya polepole, huku akimwomba Mungu mpira usirudi upesi, maana beki mmoja alikuwa ameupiga ukaruka uzio, ukadunda barabarani na kuteremka hadi kwenye robot, zile taa za kuongozea magari, magari yakapiga honi, na ule wa akiba umeisha upepo, basi wachezaji wote wamesimama mikono kiunoni kwenye majani makavu ya Julai wakimngoja Salum, kipa wa akiba, arudi nao, mbili bila, Undugu FC ya Yeoville imeshachapwa mbili bila, na wakipoteza leo wanashuka daraja, na timu ikishuka watu watatawanyika, kila mmoja atasema Jumapili ana kazi... kocha, ingiza Nassir, ndiyo sauti ya Mama Victorine wa Bukavu, anayeuza sambusa pembeni ya uwanja, hawa batoto banachoka, huyu Nassir unamuchunga wa nini, wa siku ya ndoa, watu wakacheka, wakaanza kupiga makofi, Nassir, Nassir, na yeye pale alipoinama akaona raha inampanda mgongoni, raha ya aibu, kwa sababu tangu aumie goti na kuanza kusugua benchi jina lake limekua, zamani akipoteza pasi walimtukana hadi mama yake aliyeko Tanga, sasa hivi kila wakifungwa wanasema angekuwepo Nassir, hata mabao ambayo hakuyafunga wanamhesabia, nani atatoka kwenye kiti kama hicho akakimbie na kuumbuka... kocha kila wiki anamuuliza, goti iko namna gani, naye anajibu bado kidogo, kocha, bado linauma, na uongo huo unamtoka laini siku hizi, goti limepona, limepona zamani, anayejua ni yeye na Tumu tu.

Tumu, mkewe, asubuhi alikuwa anakunja shuka chumbani kwao Berea, akasema bila kumtazama, kama mtu anayesema chumvi imeisha, wewe Nassir unapenda kuombwa kuliko kucheza, Nassir akamjia juu, wewe unajua nini cha mpira, akabeba begi akabamiza mlango, lifti mbovu kama kawaida, akateremka ngazi ghorofa zote zile kwa hasira, mbio, akiziruka mbilimbili, akafika chini ndipo akagundua goti limemteremsha ngazi zote bila hata kulalamika, akasimama pale mlangoni akilitazama kama limemsaliti... unapenda kuombwa, mwanamke ana maneno yule, na akiingia je, akiingia mguu ukawa mzito, zikawa tatu, zikawa nne, atamsikia Mama Victorine akisema kumbe, neno hilo tu, kumbe, na baada ya hapo hatakuwa Nassir wa kuliliwa tena, atakuwa mtu mzima mwenye tumbo dogo anayerudi kulinda geti la watu Randburg Jumatatu... leta kwangu, nani huyo anayepiga kelele mpira wenyewe haupo, ni Cédric, kinyozi, aliyepewa jezi namba kumi ya Nassir, leo hajapiga pasi hata moja ya maana, bao la pili ni yeye aliyepokonywa mpira, wamemzomea, eish, Cédric, kalale, walimwambia hivyo kwa sauti, na bado anawaelekeza wenzake kwa mikono, mimi nitakuwa hapa, ukipata tu leta kwangu, jasho linamtiririka na baridi yote hii, hana haya hata kidogo, na Nassir akashangaa kwamba kinachomchoma kifuani ni wivu, si wa jezi, wivu wa ule mkono ulioinuliwa... maana yeye pia aliwahi kuwa na mkono ule, utotoni, Makorora kule Tanga, jioni, wakubwa wakicheza na yeye akikimbia pembeni yao, nipe, kaka nipe, naomba, hawampi, anakimbia tena, nipe, giza linaingia hajaugusa, anarudi nyumbani miguu vumbi tupu na furaha inataka kumpasua, hakuna aliyemwita jina, hakuna aliyemlilia, ee Mungu wangu, alikuwa anaupenda mpira kiasi kile, ulikwenda wapi upendo ule, aliuacha njia gani, anautaka mpira, anautaka mguuni sasa hivi, hata akipokonywa, hata wakimzomea mpaka usiku.

Akajikuta amesimama. Baridi ikampiga alipovua koti la mazoezi, Lambert alikuwa ameshageukia uzio, akinung'unika, huyu Salum alienda kutafuta mupira ao kuununua, na Nassir akamwita, kocha, Lambert hakugeuka, akamwita tena, kocha, niingize. Lambert akageuka, akalitazama goti kabla ya kumtazama usoni. Na goti? Limepona, kocha. Limepona tangu lini? Nassir akasikia makofi ya watu yanakatika, akamwona Mama Victorine amesimama na sambusa mkononi, angeweza bado kusema leo, limepona leo, nani angejua... tangu zamani, akasema, nilikuwa nakudanganya, niingize hata mahali pa beki, naomba. Bado mbili bila. Barabarani magari yalikuwa yanapiga honi, mpira haujarudi, na Lambert alimkazia macho, na Nassir hakuinama.