Jiwe la Magesa Juu ya Gundi

Asteria alikuwa amechoka, na si uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Katika karakana ya Swaleh, Geita mjini, alitengeneza vipimo vya kunusa sumaku ya ardhini: utepe wa chuma unabandikwa kwa gundi juu ya kipande cha kauri, kisha vinagandamizwa mpaka vikauke. Dhahabu yenyewe haina sumaku, ila huku hupenda kukaa jirani na mwamba wenye chuma.

Kipimo cha kwanza kililia penye duara, shimo la dhahabu la mumewe, Magesa, wakashangilia bila kukijaribu kwingine, naye akachimba tangu mvua za mwaka juzi mpaka ng'ombe wote wakaisha kwa kuuzwa. Vilivyofuata navyo vililia, lakini hata mezani, hata jikoni. Hapo ndipo Asteria alipoanza kukosa usingizi.

"Mama Vumilia," Swaleh alimwambia Asteria, "hebu nione unavyogandamiza."

Akamwonyesha. Juu ya gundi aliweka jiwe zito jeusi ambalo Magesa alitoka nalo kwenye duara lake la kwanza, ambalo dhahabu yake iliwaezekea nyumba bati. Wachimbaji ndivyo walivyo, jiwe la bahati halitupwi. Asteria akaona amepata uzito wa bure, tena wenye baraka.

Swaleh akasogeza dira. Sindano ikaligeukia jiwe.

"Chuma chenye sumaku hiki, mama. Jiwe linatia utepe sumaku gundi ikiwa bado mbichi."

Asteria akachukua mfuko wa mchele badala yake. Gundi ikatambaa nyembamba, sawasawa, bila povu. Kilipokauka, kipimo kilinyamaza mezani, na kikaamka tu kilipoonyeshwa msumari. Ukimya huo aliuomba siku nyingi, na sasa ulimtia hofu.

Kesho yake alikishusha kwa kamba mpaka chini ya duara. Kimya. Akarudia. Kimya.

"Kinasemaje?" Magesa aliuliza, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope.

Angeweza kumdanganya. Alikuwa amechoka hata kwa hilo.

"Hakuna kitu, Baba Vumilia. Kilichokuwa kinalia ni jiwe lako."

"Lile la bati letu?"

"Lile lile."

Magesa akavua kofia, akaketi juu ya kifusi. Asteria akaketi ubavuni mwake. Wakatazama shimo lililowala.

"Liko wapi sasa?"

"Karakanani."

"Usilitupe," alisema Magesa. "Duara jipya tutalianza nalo."

Asteria akaanza kuikunja kamba ya kipimo, polepole.