Koili Kubwa Juu ya Chai ya Mama

Onsongo alimwambia mara tatu, na mara ya tatu alimshika sikio kabisa, kama mwalimu.

"Kipngeno, sikia. Hii kubwa usifunge. Funga hii ndogo, shuka mtoni, tembea polepole. Basi."

Halafu akaondoka kwenda Kisii kumzika shemeji yake, akaiacha mashine yake ya kutafutia dhahabu mikononi mwa mtu ambaye masikio yake, Mungu amsamehe, hayakuwa na kazi nyingine ila kushikilia kofia.

Mashine yenyewe ilikuwa fimbo ndefu yenye kisanduku cha betri, vidude vya kuvaa masikioni na, chini kabisa, koili, ile sahani inayosikiliza ardhi. Koili zilikuwa mbili. Ndogo ilitoshana na kisosi, kubwa na ungo wa kupepetea wimbi. Onsongo aliachiwa vyote na mhandisi mmoja Mzungu ambaye yeye alimpikia miaka minne barabara ilipokuwa ikitengenezwa kule Mulot, na kwa kuwa Mzungu huyo alikuwa na wazimu wa dhahabu, mpishi naye akajifunza. Alijua kwamba koili kubwa husikia kipande kikubwa kilicho chini sana lakini hupita juu ya punje ndogo bila habari. Alijua pia kwamba udongo mwekundu wenye chuma, kama huu wetu wa Roret, huifanya koili kubwa ipige kelele ovyo. Ndogo haifiki mbali, ila husikia punje, na udongo hauisumbui sana.

Ni kwa koili hiyo ndogo Onsongo alipata, mwezi wa tano mwaka huo wa tisini na sita, kipunje cha dhahabu kama chenga ya mchele, katika kijito kilicho chini ya shamba la kina Kipngeno. Kipngeno alikiweka juu ya ukucha wa kidole gumba akakitazama mpaka jicho likatoa machozi. Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Kipunje kimetoka wapi? Maji huteremka. Juu ya kijito kulikuwa na nini? Chai. Na chai ilikuwa ya mama yake, Chepkemboi, aliyeipanda kwa mikono yake mwaka wa sitini na nane.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Kipngeno alikuwa na miaka thelathini na minane, na hajawahi kupanda kitu kikasimama. Alikula chai ya mama, akavaa chai ya mama, akaoa kwa ng'ombe walionunuliwa kwa chai ya mama. Sokoni watu walimwita mtoto wa Chepkemboi, na wala hawakuwa na ubaya. Alitaka kitu kimoja tu ambacho angesema, hiki nimekitoa mimi.

Onsongo hakumcheka. "Inawezekana imetoka huko juu," alisema. "Lakini ngoja mwezi wa saba mama akipogoa chai. Ikishakatwa tutapita katikati ya mashina na koili ndogo, chini kabisa, kama mtu anapiga pasi. Ni miezi miwili tu."

Miezi miwili! Miezi miwili ni nini? Baadaye Kipngeno angejiuliza swali hilo mpaka limchoshe.

Wiki ile ile Onsongo aliyoondoka, mama naye alikwenda Mulot kwa binti yake, Nelvine, aliyekuwa amejifungua. Asubuhi iliyofuata Kipngeno alifunga koili kubwa. Mantiki yake ilikuwa ya mtu wa chai, na ukiisikia haraka haraka inaingia akilini: chai imefika kiunoni, koili itapita juu ya chai, kwa hiyo inatakiwa ile inayosikia mbali.

Sasa, mtu aliyelelewa kwenye chai ana ugonjwa mmoja. Tangu utotoni amelaza ufito juu ya mashina na kuchuma kile tu kinachojitokeza juu yake, ili chai yote iwe sawa kama kitanda kilichotandikwa. Wenyewe huita meza. Kipngeno aliibeba koili juu ya meza hiyo, haipandi, haishuki, na moyoni akajisifu kwamba hakuna mpishi angeweza kuishika vizuri hivyo. Mashine ikanyamaza mstari wa kwanza. Ikanyamaza wa pili. Katikati ya shamba ikalia, hoo! Akarudi nyuma, kimya. Akasogea mbele, hoo! Mahali pale pale, hatua sita kwa upana.

Mkewe, Janeffer, alimkuta ameshika jembe na mtaimbo.

"Baba Ruto, ngoja mama arudi."

"Mama atarudi akute mambo tofauti."

"Si ungeenda kwanza mtoni, vile Onsongo alisema?"

"Onsongo ni mpishi," alijibu Kipngeno, na jibu hilo nalo likaja kumuuma.

Shina la chai la miaka ishirini na minane halitoki kwa kubembelezwa. Mizizi yake ni minene kama mkono wa mtu mzima, na hukatika kwa mlio usiopendeza. Jumanne aling'oa kumi na moja. Jumatano kumi na moja. Alhamisi tisa. Alipopitisha koili kwenye ardhi tupu ikalia kila mahali, na yule bwana, badala ya kushtuka, akafurahi. Aliona mali imejaa. Akachimba shimo moja refu mpaka likamfika kifuani. Udongo mwekundu, vijiwe vyeusi vyenye kutu, udongo mwekundu tena.

Ijumaa asubuhi Onsongo akarudi. Alisimama ukingoni, kofia mkononi, akatazama mashina yaliyolala mizizi juu. Hakusema nilikuambia. Alichukua mashine, akaishusha koili mpaka karibu na udongo, ikalia. Akaiinua kiasi cha upana wa kiganja tu, ikanyamaza.

"Umesikia? Dhahabu ya kutosha kusikika kupitia chai yote hiyo haiwezi kunyamaza kwa kuinua kidogo hivi. Huu ni udongo unaongea."

"Lakini mbona ililia hapa tu? Huko kwingine ilinyamaza."

Onsongo alitembea mpaka kwenye mashina yaliyobaki, akainama, akatazama chini ya majani. "Hapa palikuwa na kichuguu, Kipngeno. Ardhi imepanda. Juu chai iko sawa, mama yako ameisawazisha, lakini chini si sawa. Wewe ulifuata chai. Ulipofika hapa, udongo ulikuja karibu na koili, ikapiga kelele." Akafunga koili ndogo na kuipitisha polepole juu ya udongo wote uliochimbwa, lundo baada ya lundo. Haikusikia kitu.

Kipngeno aliketi kwenye tope. Aibu ilimjaa, na majuto yakaja nyuma yake, makubwa kuliko aibu. Alijua kichuguu kile. Alipokuwa mdogo alikichezea. Kama angemuuliza mama neno moja tu!

Mama alifika saa nane mchana, bado amevaa leso ya safari. Alipoona shimo alisimama ghafla, mkono kifuani.

"Nani amekufa?"

Mama aliwahesabu kwa macho: Janeffer, watoto, Kipngeno.

"Hakuna, Mama," alisema Kipngeno. "Ni mimi nilichimba. Nilikuwa natafuta dhahabu."

"Umepata?"

"Hapana."

Mama alipita kati ya mashina akiyagusa moja moja. Ya Jumanne yalikuwa yamekauka. Ya Jumatano yamenyauka. Alipofika kwa yale tisa ya jana alivunja kichipukizi, akakisugua kwa vidole, akakinusa.

"Hizi bado ziko hai," alisema. "Niletee kikapu, gari ya kiwanda ya kubeba majani haijapita."

Akachuma, majani mawili na kichipukizi, ameinama mpaka chini kwa kuwa chai ilikuwa imelala. Kipngeno aliinama upande wa pili, akachuma naye, na machozi yakamtoka bila kuyafuta.

"Nitapanda ingine, Mama. Naapa. Hapa hapa."

"Panda," alisema mama, bila kuinua kichwa. "Panda, mtoto wangu. Lakini ikifika umri wa hii, mimi sitakuwepo kuichuma."