Vidole Vitatu vya Mkono wa Kulia

Jiwe liliniangukia pale machimboni asubuhi, likaponda vidole vitatu vya mkono wa kulia. Saa sita nilikuwa kliniki ya kibinafsi mjini Kitengela, na Daktari Kiragu alishavaa glavu.

"Tunakata vyote vitatu. Mama, tia sahihi hapa."

Mke wangu, Beverlyne, akashika kalamu.

"Ngoja," nikasema. "Hakuna njia nyingine?"

"Kuosha na kufunga kila siku, mwezi mzima. Halafu vioze, na wewe uoze navyo. Unataka hivyo?"

"Baba Sydney, usibishane na daktari," Beverlyne alininong'oneza.

Lakini kidole kidogo na jirani yake vilikuwa vinawaka moto. Kilichokufa hakiumi hivyo. Na bila vidole hivyo sishiki nyundo, kazi yangu imeisha.

"Daktari, hapa unalipwa kwa mwezi ama kwa kila mtu unayemkata?"

Muuguzi Resian akainamisha macho.

"Hiyo inakuhusu nini?" Kiragu akauliza.

"Mimi hulipwa kwa jiwe. Nikiona lenye ufa, nalichonga tu, kwa sababu nikiliacha silipwi. Sasa niambie."

Uso ulimwiva. "Bima inalipa upasuaji. Kufunga vidonda hailipi, na mimi sina mshahara. Lakini siwezi kukukata kwa sababu ya pesa!"

"Hata mimi humwambia fundi anayenunua kwamba jiwe ni zima."

"Toka basi! Ukifia njiani, usinitaje."

Resian alitufuata hadi mlangoni na shashi safi. Alinifunga haraka.

"Nendeni Kajiado, pale misheni," alisema kwa sauti ya chini. "Daktari Margaret ana mshahara wake, akate asikate. Lakini mkichelewa, huyu wetu atakuwa amesema kweli."

Ndani ya basi Beverlyne aliuweka mkono wangu mapajani mwake. Damu ilipenya shashi, ikamlowesha leso.

Kule misheni, Daktari Margaret alichukua sindano, akadunga kidole cha kati. Sikusikia kitu. Akadunga cha pili, nikaruka. Cha tatu, nikapiga kelele hadi watu wa foleni wakachungulia.

"Cha kati kimekufa, nakitoa sasa hivi. Hivi viwili, sijui. Naweza kujaribu. Utakuja kila siku, na vitakuuma kuliko leo."

"Kila siku kutoka Kitengela?" Beverlyne akauliza. "Na vikikataa?"

"Vikikataa, nitavikata."

Beverlyne alinitazama, akakunja leso yake yenye damu. "Kwa shemeji yangu Lemein, hapa Kajiado, kuna kitanda," akasema.

Nikamnyooshea daktari mkono uliopondwa.