Mpangaji wa Nne

"Vyumba vitatu, wapangaji watatu," alisema Ramohapi, mkaguzi wa nyumba wa baraza la mji. Alikuwa ameipanga miswaki minne kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni. "Huu wa nne wa nani, M'e?"

"Wangu, Ntate," akajibu Malikeleli, mwenye nyumba, kwa heshima.

"Mama, wewe una meno?"

Malikeleli akafumba mdomo. Yalikuwa yamebaki mawili.

Tangu mwaka uanze, nyumba iliyo karibu na chuo hairuhusiwi kulaza zaidi ya wanafunzi watatu wasio ndugu wa mwenye nyumba. Diwani aliyeipigia debe sheria hiyo ana hosteli ya ghorofa tatu ng'ambo ya barabara, wasichana wanane chumba kimoja. Lakini ile, tuliambiwa, ni biashara, si nyumba. Haya.

Puseletso akatoka nyuma ya pazia, blanketi kiunoni. Alikuwa akilala hapo jikoni tangu serikali ilipomkatia posho ya masomo. Zilibaki wiki mbili amalize mitihani ya mwisho.

"Ni mtoto wa kaka yangu," Malikeleli akasema, kama walivyopanga.

"Wa ukoo wenu wa Bataung, basi?"

"Wa Bataung."

"Haya binti, jisifu kwa sifa za ukoo, tusikie."

Puseletso akazitamka sifa za Bataung, watu wa simba, kutoka babu hadi babu, bila kukwama. Ukweli ni kwamba kwao ni ukoo wa Bafokeng, huko juu milimani. Malikeleli ndiye aliyemfundisha, jioni baada ya jioni, wote wawili wakicheka kando ya jiko la mafuta ya taa. Undugu ni kufaana, si kufanana. Mama huyu alipoteleza kwenye barafu akavunjika nyonga, nani alimwogesha? Si watoto wa kaka zake.

Ramohapi akapiga makofi. "Loo! Hata mimi za kwetu sizijui hivyo." Kisha akatoa karatasi. "Basi weka sahihi kwamba ni damu yako. Tutauliza kwa chifu wa kwao. Ikiwa uongo, tunafunga vyumba vyote, na kiwanja kinarudi barazani."

Malikeleli akaishika kalamu. Vyumba vile mumewe alivijenga kwa kazi ya migodini, na vumbi la migodi likamla mapafu kabla hajapaka rangi. Hana kingine duniani. Kalamu haikugusa karatasi.

"Ni mpangaji," akasema.

"Sikusikia, M'e."

"Ni mpangaji tu, Ntate. Si wangu."

Puseletso hakulia. Alikunja godoro, akaanza kuzitia nguo kwenye mfuko wa plastiki. Hilo ndilo lililomchoma Malikeleli, afadhali angemtukana.

"Ntate, mwachie hizi wiki mbili. Amalize mitihani."

"Sheria haijui mitihani. Leo hii anatoka." Ramohapi akamtazama binti kuanzia miguuni, bila haraka. "Lakini mimi si mnyama. Kwangu kuna chumba cha nyuma, na mke wangu yuko mbali, kule Bloemfontein. Atalala bure."

"Na sheria je?" Malikeleli akauliza.

"Kwangu mimi, nani atakuja kukagua?"

Akacheka, akauchukua mfuko, akaenda kuutupa kwenye gari lake nje.

"M'e," Puseletso akaita.

Malikeleli alielewa anachoombwa. Ile karatasi ya damu ilikuwa bado mkononi mwake, na kalamu pia. Sahihi moja tu. Akavitazama vyumba vyake vitatu, kisha akayatazama macho ya binti, na hakuweza kuyatazama kwa muda mrefu.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Uwe na adabu."

"Mwanao tena!" Ramohapi akaangua kicheko pale nje. "Mama huyu ana mambo."

Akampandisha binti kiti cha mbele, akamfunga mkanda mwenyewe, taratibu. Kisha akatandaza cheti cha ukaguzi juu ya boneti na kumwita Malikeleli.

"Hapa chini. Andika: nyumba imefuata sheria, mwenye nyumba ameridhika."

Nyuma ya kioo, Puseletso alikuwa akimwangalia.

"Andika, M'e. Nachelewa."

Malikeleli akaandika.