Kura Zilizowekwa Shinani

Mwaka 1952, bunge la jimbo letu la Rajasthan, India, lilipochaguliwa mara ya kwanza, mimi ndiye niliyekuwa mwalimu pekee kijijini Dhanasar. Serikali ikanikabidhi masanduku, wino na usimamizi wa kituo, na kichwa changu kikavimba.

Wagombea walikuwa wawili. Thakur Jorawar Singh, bwana wa ngome ya kilimani, mwenye ardhi yote, alama yake ilikuwa farasi. Hukmaram, mkulima mwenzetu, alama yake mti. Kila mmoja alikuwa na sanduku lake lenye picha, nyuma ya pazia. Unatumbukiza karatasi katika sanduku umtakalo, basi.

Kwa wanawake wa kwetu jambo lilikuwa moja tu. Ngoma ya ngomeni ikilia, walipanda kwa zamu kumsagia Thakur nafaka bila ujira, hata mwenye mimba, hata aliyefiwa jana. Hukmaram aliapa kwamba akifika bungeni ataikomesha zamu hiyo.

Wiki moja kabla, niliwafundisha watu barazani namna ya kupiga kura. Nasema watu, lakini walikuwa wanaume. Mwanamke wa kwetu haketi mbele ya mkwe wake na mashemeji, kwa hiyo wanawake walibaki nyuma ya ukuta wakisikia sauti tu. Nilipotoka, mama mdogo Dhapu, mke wa baba yangu mdogo, akanishika mkono.

"Na sisi nani atatuonyesha?"

"Muulize baba mdogo, mama. Nimemweleza yote."

"Huyo? Huyo ukimtuma chumvi analeta tumbaku."

Nilicheka, nikaenda zangu kula. Baba mdogo na waume wenzake wakawaambia wake zao neno moja tu: mti.

Siku ya kura wanawake walikuja pamoja wakiimba, sketi za sherehe, shela mpaka kidevuni, mama mdogo mbele. Kila mmoja alifumbata kitu mkononi. Waliingia nyuma ya pazia mmoja mmoja na kukawia. Sheria ilitukataza kuchungulia, nami nilifurahi, nikidhani wanafikiri kwa makini.

Muda ulipokwisha nilifungua pazia mbele ya mawakala wa pande zote mbili. Sanduku la mti lilikuwa limezungushiwa uzi mwekundu na kupakwa manjano. Mbele yake palikuwa na mchele, maua, na karatasi za kura zimepangwa vizuri moja juu ya nyingine. Zilikuwa ishirini na tatu.

Kwetu mwanamke akiuendea mti mtakatifu huweka sadaka yake shinani. Mama mdogo aliweka, waliomfuata wakaona, nao wakaweka.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kuziokota. Madan, wakala wa Thakur, hakupandisha hata sauti.

"Mwalimu, iliyo nje ya sanduku haihesabiwi. Si ndivyo ulivyotusomea barazani?"

Ndivyo nilivyosoma. Niliandika kwamba kura ishirini na tatu zimebatilika, nikatia sahihi. Nilijichukia kwa kile kicheko changu cha wiki iliyopita.

Kura za vituo vyote zilipojumlishwa, Hukmaram alishindwa kwa kura kumi na tisa.

Siku ya tatu baada ya matokeo, asubuhi, ngoma ya ngomeni ililia. Mama mdogo alipitia kwangu akiwa njiani. Habari za zile karatasi alikuwa nazo, kijiji kizima kilikuwa nazo. Nilitamani anitukane tuyamalize. Yeye akaniambia tu nimwonyeshe ilivyotakiwa kufanywa.

Nilichukua ganda la kibiriti, nikalifungua kidogo, nikakunja kipande cha karatasi na kukitumbukiza ndani.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, mama."

Akakitoa kile kipande, akakitumbukiza tena kwa mkono wake mwenyewe, polepole. Kisha akashusha shela usoni, akapanda ngomeni kusaga.